Bawa Juu ya Banda la Kuku

Mtu akishuka sokoni Shinyalu na kuuliza kwangu, kwa Anjelina, haelekezwi kwa jina la ukoo. Huambiwa, "Fuata njia ya majani chai mpaka uone kuku wanaoishi chini ya ndege." Wageni hudhani wanataniwa. Wakifika hukuta ni kweli. Banda ni la miti na udongo kama mabanda ya majirani, lakini juu yake, badala ya mabati, kuna kipande kirefu cha bawa la ndege. Zamani kilikuwa cheupe, siku hizi kina rangi ya maziwa yaliyolala. Kimeinama kidogo ili maji yateremke. Jogoo wangu hupanda pale kuwika na karibu kila asubuhi huteleza, na bado hajajifunza.

Ninyi vijana niliowafundisha kutengeneza matangi na bampa za faibaglasi mmeniuliza mara nyingi nililitoa wapi bawa hilo. Nilikuwa nikiwajibu kwa neno moja na kuwarudisha kwenye msasa. Sasa kifua kimekataa vumbi na ngozi ya mikono imekataa gundi, kwa hiyo nina nafasi ya kujibu vizuri. Nitawachanganyia na mambo ya ufundi humo humo, maana siwezi kumtenga mzee aliyenifundisha na kazi yenyewe.

Mkono wangu haukuanza na faibaglasi, ulianza na udongo. Wazazi wetu walipokufa, nilikuwa nimefika kidato cha pili, nami ndiye mkubwa kati ya wanne. Baada ya matanga wazee walikaa chini ya turubai kutugawanya. Beni, kaka yangu anayenifuata, aende kwa khotsa, mjomba wetu wa Chekalini. Wasichana wawili wadogo waende kwa senje, shangazi yetu. Mimi nitafutiwe mtu wa kunioa. Nilisimama nikasema hakuna anayeenda popote, nyumba hii ina mlango na mimi ninaujua ufunguo wake.

"Utawalisha nini?" khotsa akauliza. "Ukaidi?"

"Ukaidi na mboga," nikamjibu.

Watu walicheka, na kwa sababu walicheka waliniachia. Sikurudi shuleni. Nikaanza kusiriba nyumba za watu, hasa kuelekea Krismasi, wakati kila mama anataka ukuta wake uwe laini kabla wageni hawajatoka Nairobi. Kusiriba ni kupaka udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Mama yangu alinifundisha kutia kiganja katikati na kusukuma kwenda nje, ili hewa itoke pembeni. Ukiacha hewa chini ya udongo, ukuta utakaa vizuri mpaka jua kali la Januari, halafu utabanduka kama mkate.

Ndivyo nilivyofika kwa Mama Selina, muumini mwenzetu kanisani, kusiriba banda lake la kuku. Mume wake, Mzee Luvai, alikuwa amestaafu kutoka Nairobi, ambako maisha yake yote ya kazi alitengeneza ndege za watu. Injini zilikuwa zimemla masikio. Ukitaka akusikie ulisimama mbele yake na kusema polepole, naye akaangalia midomo. Alikuja akasimama nyuma yangu muda mrefu. Nikadhani anahesabu udongo wangu.

"Huo mkono ulifundishwa na nani?"

"Na mama yangu."

"Yuko wapi nimsalimie?"

Nilimgeukia ili aone midomo. "Tulimzika, Kuka." Kuka ni babu kwa lugha yetu, na ndivyo nilivyomwita tangu siku hiyo.

Akagusa ukuta kwa kidole gumba. "Ukimaliza hapa," akasema, "nina ukuta mwingine."

Huo ukuta mwingine ulikuwa bawa.

Nyuma ya migomba alikuwa na kibanda kirefu cha mabati, na ndani yake alikuwa akijenga ndege ya watu wawili kwa ramani na kitabu alivyoagiza kutoka ng'ambo. Hii ilikuwa miaka ya tisini. Hapakuwa na simu ya kumwonyesha mtu picha, na hata mtu ukimweleza, alikuangalia kama anayesubiri umalize aondoke. Mzee aliijua bati ya ndege, misumari yake na nyufa zake. Lakini ndege hii haikuwa ya bati. Ilikuwa ya povu gumu la buluu, linalokatwa kwa waya uliopashwa moto na betri ya gari, halafu linavishwa vitambaa vya kioo vilivyonyweshwa gundi ya epoksi. Mambo hayo yalikuwa mageni kwake kama kwangu. Jioni alisoma kitabu kwa Kiingereza, asubuhi akanieleza kwa Kiswahili, na tulipokwama alinieleza kwa Kiluhya, tukafaulu.

Majirani waliita ndege hiyo fahali. Kwetu, kitu unachokifungia bandani, unakitunza kuliko watoto, na hakitoi maziwa, ni fahali wa kupigana tu. Shiundu, jirani yetu mwenye fahali wa kweli, hakupita mlangoni bila kuchungulia.

"Kuka, huyu wako anakulanga nini?"

"Petroli."

"Na atapigana lini?"

"Akiota pembe."

"Basi ana mbili tayari," Shiundu akasema, akionyesha mabawa. "Wangu naye anazo mbili na ameshinda mara tatu. Wako anangoja nini?"

Mzee alicheka, lakini nilijua anachongoja. Daktari alikuwa amemwambia moyo wake umechoka. Naye aliniambia wazi tangu mwanzo, akiniita mukhana, yaani binti, ili nisije nikadhani tunacheza. "Nimefungua ndege na kuzifunga maisha yangu yote, mukhana. Sijawahi kukaa ndani ya moja ikiwa juu. Nataka mara moja tu." Rafiki yake, rubani mstaafu wa Eldoret, alikuwa ameahidi kuirusha ikishapita kwa mkaguzi wa serikali. Kiti cha pili kilikuwa cha Mzee. "Nikishuka," akasema, "unapanda wewe."

Basi nikawa na kazi ya kila siku, na wadogo zangu wakala kila siku. Msiseme hilo ni jambo dogo.

Sasa la ufundi, maana najua wengine mmeruka mpaka hapa. Gundi ya epoksi si kama ile gundi ya matangi mnayoizoea, ambayo mkiona mvua inakuja mnaongeza dawa kidogo ikauke haraka. Epoksi ina kipimo chake, gundi na hadena yake, yaani dawa ya kuigandisha. Ukiongeza hadena haikauki haraka, inabaki laini mahali fulani ndani, nawe hutajua ni wapi. Pima kwa mizani. Usipime kwa jicho hata kama jicho lako ni zuri.

Na usiiache kwenye kikombe. Siku zangu za kwanza nilichanganya gundi nyingi kwenye kikombe cha plastiki cha uji, nikaambiwa nimsaidie Mama Selina kumshika kuku mmoja, nikaenda. Kuku alikuwa mjanja. Niliporudi kikombe kilikuwa kinatoa moshi, na gundi inachemka yenyewe bila moto. Nikapiga yowe, nikakibeba kwa koleo, nikakitupa nje kwenye majani mabichi, kikaendelea kufuka pale kama mzee anayevuta kiko. Mzee Luvai hakunigombeza. Alisimama akakiangalia kwa furaha. "Kumbe kitabu hakidanganyi," akasema. Tangu hapo tulimimina gundi kwenye sinia pana, ikapoa kwa kutandazwa.

Kitambaa kikate mshazari pale kitabu kinaposema mshazari, kama fundi wa nguo anavyokata sketi, ndipo kinakubali kulalia mkunjo. Kinywe gundi, kisiogelee. Kikwangulio chetu tulikikata kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, na hapo mkono wa mama yangu ulifanya kazi: katikati kwenda nje, katikati kwenda nje, mpaka kitambaa cheupe kinageuka kioo na unaona povu la buluu chini yake kama unaangalia mtoni. Mzee alikuwa akija nyuma yangu kutafuta kiputo cha hewa. Akikosa alikasirika kidogo, kwa sababu alipenda kupata. Ukishapiga msasa, oga maji baridi kwanza. Maji ya moto hufungua ngozi na vumbi la kioo huingia, utajikuna mpaka ibada iishe. Na vaeni glovu. Sisi tulivaa mifuko ya mkate, ikatoboka, tukacheka. Leo nikigusa gundi hiyo hata kidogo mikono huvimba kama andazi. Hilo nalo nalijutia, lakini ni jambo la ngozi tu.

Sehemu ya kwanza kukamilika ilikuwa mkia. Kitabu kilisema upimwe kwa uzito, upakiwe mzigo mpaka kiasi fulani na usivunjike. Tuliugeuza juu ya miguu ya mbao, Mzee akamwita Shiundu alete mahindi yake, ilikuwa baada ya mavuno. Tukapanga magunia moja moja juu ya mkia, majirani wakasimama pembeni wakibishana utavunjika kwenye gunia lipi. Mkia ulipinda kidogo, ukanyamaza. Mzee alipitisha mkono chini yake kama anayekagua tumbo la ng'ombe.

"Ukivunjika," Shiundu akasema, "mahindi yamwagike upande wangu."

Haukuvunjika. Alibeba mahindi yake nyumbani akiwa kama amesikitika. Kumbukeni hayo magunia, nitayarudia.

Mabawa tuliyapa majina kwa jinsi yalivyolala kibandani: bawa la barabarani na bawa la migombani. Tulianza na la barabarani, na ilikuwa Julai. Julai ya hapa mnaijua. Ukungu hutoka msituni asubuhi na kuketi kwenye mashamba kama mgeni asiyeaga, jua likipata nguvu kidogo, mvua ya alasiri inafika. Gundi ilikataa kukauka. Tuliigusa kesho yake ikatushika vidole. Kitabu kilitaka joto, na aliyekiandika kwake palikuwa na joto la umeme. Sisi tulikuwa na taa moja.

Mama Selina alituletea chai akatukuta tumeinama.

"Ninyi watu wawili mna akili nyingi," akasema, "lakini ya kuku hamna. Mimi kifaranga changu hakijafa baridi tangu niolewe. Chukueni majiko."

Mnajua tunavyolea vifaranga huku: jiko la makaa ndani ya boksi au chungu, kitambaa juu, joto linakaa. Tukachukua majiko yake, tukayapanga chini ya bawa, tukaziba madirisha ya kibanda kwa magunia. Kukawa na joto zuri mpaka Mzee akavua koti. Asubuhi tulikuta ganda gumu, linang'aa. Juu yake palikuwa na utelezi mwembamba, kama jasho la mtu mwenye homa.

Mzee alipitisha kidole, akakinusa. "Imeiva mpaka imetoa mafuta," akasema.

Nami nikaona sawa. Kwetu kitu kikitoa mafuta kimeiva vizuri, iwe nyama, iwe karanga, iwe simsim. Tukapangusa kwa kitambaa kikavu, tukaweka tabaka lingine juu yake. Tukawasha tena. Bawa lile lote tulilijenga hivyo, tabaka juu ya jasho, na kila asubuhi tulifurahi.

Bawa la migombani lilifuata, nalo halikutusumbua. Baadaye mabawa yote mawili yalisimama ukutani yamepigwa msasa, na watu waliokuwa wakicheka waliacha kucheka wakaanza kuuliza bei ya kupanda. Rubani wa Eldoret alikuja, akakaa ndani ya ndege isiyo na mabawa, akashika usukani, akatoka. Alimwambia Mzee, "Nipigie mkimaliza rangi." Mama Selina alikuwa ameshamnunulia mumewe sweta ya kuvaa huko juu.

Kabla ya rangi kitabu kilitaka mabawa yagongwe. Unachukua sarafu, unagonga ganda hatua kwa hatua. Palipo na mshiko mzuri, sauti inakuwa nyembamba na safi, ti, ti, ti. Tabaka likiwa limeachana na lenzake, sauti inakufa, kama kugonga kitabu kilichofungwa. Mzee alitoa sarafu mfukoni akaniwekea kiganjani.

"Masikio yangu yalibaki Nairobi. Gonga wewe, uniambie."

Nilianza na bawa la barabarani, kutoka ncha. Lilikuwa safi, safi, safi. Mzee alitembea sambamba nami upande wa pili, hakuwa akiangalia sarafu, alikuwa akiangalia uso wangu. Karibu na shina la bawa, pale linapobeba uzito wote, sauti ikafa.

Niligonga tena. Ikafa tena.

Vijana, hapo nilikuwa nimesimama mimi na mtu asiyesikia. Ningesema "safi," asingejua. Nafikiri alilijua hilo kabla yangu, kwa sababu hakuuliza kitu. Alingoja.

"Hapa imekufa, Kuka," nikamwambia.

"Pakubwa kiasi gani?"

Nilichora kwa penseli nikifuata sauti. Nilipofunga mstari, ulikuwa umezunguka mahali ambapo ungeweza kulaza mtoto. Alichukua msumeno akakata ukingo, akaingiza ncha ya kisu kati ya matabaka. Yalifunguka bila kubishana, moja baada ya jingine, kama maganda ya kitunguu. Aliendelea kufungua hata baada ya kuona vya kutosha. Halafu akanyoosha mgongo, akaonyesha lile la migombani.

"Na hili?"

Nikaligonga. Mara ya kwanza nilisikia safi. Nikarudi palepale karibu na shina, nikasikia kama imefifia. Nikarudia, ikawa safi. Nikarudia, sikujua ninasikia nini. Nilikuwa nimetoka kuliua bawa moja kwa sikio langu, na sasa sikio lenyewe lilikuwa linatetemeka.

"Sina uhakika."

"Sema ndiyo au hapana."

"Ndiyo siwezi. Hapana siwezi."

Mzee aliketi kwenye sanduku la vifaa. Rangi ya midomo yake haikuwa nzuri. Akasema, "Ndege haijui neno 'labda', mukhana. Nipe msumeno."

Nikampa.

Alikata kwanza karibu na shina, moja kwa moja mpaka upande wa pili, kwa sababu alijua akikata kidogo ataanza kujidanganya. Vumbi la buluu likamwagika miguuni petu. Akaingiza kisu kati ya matabaka. Kisu kilikataa. Akajaribu pengine, kikakataa. Akakigonga kwa nyundo, na ncha ya kisu ikavunjika. Bawa lilikuwa limeshikana kama mfupa. Alilijaribu mahali pengi, mpaka hapakuwa na haja tena. Kisha akaweka kisu chini, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo uliokatwa, kama alivyogusa ule ukuta wangu wa udongo siku ya kwanza.

"Hii ni kazi safi," akasema. "Hii ni kazi yako, na ni safi."

Mama Selina alitokea mlangoni na sinia ya chai. Aliona vipande, akaweka sinia pale chini kizingitini, akarudi nyumbani bila kuingia. Chai ile ilipoa pale pale.

Hakuna siku hata moja ambayo Mzee alinilaumu. Aliagiza gundi nyingine na povu jingine, vikachukua muda mrefu kufika. Vilipofika, mvua za masika zilikuwa zimeanza, naye alikuwa akipumzika kila anapotoka nyumbani kwenda kibandani, kisha akawa hafiki kibandani. Tulikata povu la bawa moja mimi na Beni, Mzee akiwa amelala kitandani akituelekeza kupitia kwangu. Gundi hatukuifungua.

Nilikuwa nampelekea uji. Siku moja alinishika mkono nisiondoke, akaketi vizuri ili aone midomo yangu.

"Ungesema safi," akasema, "ningeruka."

"Ungeanguka, Kuka. Lile la barabarani lilikuwa bovu."

"Ningeanguka, ndiyo." Akacheka mpaka akakohoa. "Lakini kutoka juu."

Nami nikacheka, ndiyo ilikuwa shida yetu sisi wawili. Kisha akaacha kucheka.

"Lile la migombani. Siku ile ulipokuwa unagonga, hasa hasa, ulikuwa unasikia nini?"

Nikafikiri. "Nilikuwa nasikia moyo wangu."

"Ah," akasema. Akautazama uji. "Ungeniambia hivyo. Ningengoja utulie."

Alifariki wakati wa palizi ya mahindi. Alizikwa na ile sweta.

Baada ya miaka nilikwenda kufanya kazi Kisumu kwa fundi mmoja wa mashua. Siku ya baridi nikamwambia tulete jiko tuiivishe gundi. Aliniangalia kama nimemtukana. Akaniambia pumzi ya makaa, pamoja na unyevu, ndiyo huitia epoksi lile jasho, na tabaka lolote ukiliweka juu ya jasho halishiki, limekaa tu. Jasho hilo huoshwa kwa maji na kusuguliwa, kisha ganda hupigwa msasa. Ama juu ya gundi mbichi unalaza kitambaa chembamba cha nailoni, kama bitana ya suti, ikikauka unakibandua na uchafu wote unaondoka nacho. Ndiyo maana nilikuwa nawasumbua na bitana, na ndiyo maana mtu akiingiza jiko karakanani kwangu hata la kuchomea mahindi, nilimfukuza. Mlidhani ni hasira za uzee.

Nilimsikiliza fundi yule mpaka mwisho, halafu nikatoka nje nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nilikuwa nimekumbuka. Tulipoanza bawa la migombani, kuku wa Mama Selina walikuwa wameangua. Alikuja kibandani akachukua majiko yake yote, akasema ndege yenu haifi baridi, hawa wanakufa. Tukalijenga bawa lile bila moto, tukingoja jua siku baada ya siku, tukinung'unika. Vifaranga ndivyo vilivyoliokoa. Siku ile ya msumeno, kama tungeketi tu tukanywa ile chai, tukakumbushana bawa lipi lilijengwaje, huenda mmoja wetu angesema: lile halikuwa na majiko. Tusingejua maana yake, lakini tungejua mabawa hayo hayakuwa ndugu.

Na magunia. Shiundu alikuwa amevuna. Mahindi yalikuwa pale ng'ambo ya njia, kavu, yamefungwa. Tungeyapanga juu ya bawa kama tulivyofanya kwa mkia, nalo lingejibu lenyewe bila sikio la mtu yeyote. Mzee hakuyakumbuka kwa sababu alikuwa ameumia. Mimi sikuyakumbuka kwa sababu nilikuwa naangalia uso wake. Kila mavuno nikisikia magunia yanatupwa chini kwa Shiundu, nayakumbuka.

Kwa hiyo mkiniuliza kama nilikosea, mpaka leo siko upande mmoja. Lile la barabarani ningelisema tena, hata kwa mtu ninayempenda zaidi. La migombani nalo sikusema uongo. Ila "sina uhakika" ni nusu ya sentensi, na mimi niliishia hapo. Nusu nyingine ni "nipe mpaka kesho." Ningeisema, angenipa. Aliniambia mwenyewe.

Mama Selina ndiye aliyenipa kile kipande kirefu cha bawa la migombani. Alisema hawezi kukiangalia na hawezi kukichoma. Vijana wa mtaa walikibeba mabegani kupitia mashamba ya majani chai, na Shiundu, bila kuombwa na mtu, akatangulia mbele akipuliza pembe yake, ile ya kumsindikizia fahali uwanjani siku ya pambano. Watu wakatoka kwenye nyumba kuangalia. "Leo fahali ametoka bandani," akawa anawaambia, na hakuwa anacheka.

Beni huja kila Krismasi na familia yake. Wasichana nao huja, nyumba inajaa, mlango ni ule ule. Kila mwaka Beni hulizunguka banda la kuku mikono ikiwa nyuma.

"Dada, nikuletee mabati ulishushe hili?"

"Linavuja?"

"Halivuji."

"Basi liache."

Nyinyi mnaifahamu mvua ya hapa, inakuja alasiri, na kabla ya kumwagika hutanguliza matone machache makubwa. Hapo ndipo huacha nilichokuwa nafanya na kusogeza kigoda mlangoni. Matone huanza kwenye ncha, yanasogea kwenda shina, ti, ti, ti, hadi pale msumeno ulipopita. Nimelisikiliza bawa hilo miaka mingi sasa, moyo wangu ukiwa umetulia. Ni safi lote.